Gari inalala nje Dar: rangi inaharibika kwa sababu gani na ufanye nini

Watu wengi hapa Dar hawana banda la gari, usiku inalala nje ya ukuta na mchana inashinda juani Posta, Kariakoo au Mwenge, na malalamiko ni yaleyale kila msimu. Kunguru wamechafua boneti na doa halitoki, mwembe umedondosha kitu kinanata, paa limepauka, mlango umetoa malengelenge. Nimeyapanga kwa dalili, yaani angalia unachokiona kwenye gari yako halafu soma hapo. Kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana, zile za nadra ziko mwishoni.

Kabla ya yote elewa kitu kimoja. Rangi ya gari ni matabaka: bati, juu yake praima (rangi ya msingi), kisha rangi yenyewe, kisha klia ambayo ndo inang'aa na ndo inapambana na jua. Kwa gari nyingi zilizotoka na rangi ya kiwandani jumla ya matabaka yote ni maikroni 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake ni kama 40. Unywele wa kichwa una 70 hivi. Sasa kila fundi akija na kompaundi (dawa nzito ya kusugulia rangi) na mashine anakula sehemu ya hizo 40, na ikishaliwa hairudi. Ndo maana nasisitiza sana ujue tatizo kwanza kabla hujamruhusu mtu aguse gari, kwa sababu gari nyingi zimeumizwa zaidi na mkono uliokuja kusafisha kuliko na kunguru mwenyewe.

Vipimo vya kufanya kwanza, havina gharama

1. Osha gari kwa maji mengi na shampuu ya gari, kivulini, bati likiwa limepoa. Nusu ya "madoa" yanaishia hapo.
2. Vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, kama ule wa mkate, pitisha vidole taratibu juu ya rangi iliyooshwa. Ukisikia chembechembe kama msasa basi kuna kitu kimeganda juu. Ikiwa laini na bado unaona doa, basi doa limeingia ndani.
3. Kwenye mkwaruzo mwagia maji. Ukipotea ukiwa umelowa, umekata klia tu. Usipopotea, pitisha ukucha, na ukucha ukikwama ujue umeshuka mpaka kwenye rangi au chini zaidi.
4. Chukua kitambaa cheupe, weka polishi kidogo, sugua sehemu isiyoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, gari yako haina klia hapo. Hii inatokea kwa magari meupe ya zamani hasa, na pia kwa yaliyopakwa upya kwa bei rahisi.

Hicho kipimo cha nne watu wanakiruka, wakati ndo kinabadilisha kila kitu huko mbele.

Dalili: Doa la kinyesi limetoka lakini alama imebaki

Hii ndo namba moja Dar, haina mshindani. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka bara na sasa wametujaa mjini kote, na wanapenda kukaa kwenye nyaya, nguzo na miti iliyo juu ya maegesho. Usiku wanakuja popo wa matunda, hasa kwenye mikungu, miembe na mizambarau. Na ukiwa mitaa ya uswahilini usiwasahau kuku, wanapanda juu ya paa la gari wanalala kabisa.

Sababu ya kwanza ni kuchelewa kutoa. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha ndege ni asidi ya yuriki, lakini asidi sio tatizo peke yake. Boneti nyeusi saa 8 mchana inaweza kupita nyuzi 60, klia inalainika na kutanuka kidogo, kinyesi kinakauka na kuwa kigumu, jioni bati likipoa klia inajikunja kufuata umbo la kile kilichoganda. Ndo unaona alama iliyofifia au iliyozama hata baada ya kuosha. Kwahiyo kinyesi cha saa 12 asubuhi ukikitoa saa 2 hamna shida, ukikiacha mpaka jioni umeshapata alama.

Sababu ya pili ni kukikwangua kikavu. Popo na kunguru wanakula matunda na jalalani, ndani ya kinyesi kuna mbegu na mchanga, ukisugua na tambara kavu unakwaruza. Hapo utaona mistari midogo kuzunguka doa.

Sababu ya tatu, doa la zambarau au la kahawia: hiyo ni rangi ya tunda, na mara nyingi iko juu juu tu.

Cha kufanya kama bado ni kibichi au kimekauka leo: lowesha kitambaa laini kwa maji ya uvuguvugu yenye shampuu kidogo, kilaze juu ya kinyesi dakika 5 mpaka 10, halafu nyanyua, usisugue. Rudia. Weka chupa ya maji na vitambaa viwili kwenye buti na hii kazi inaisha hapo hapo ulipo. Doa la zambarau likibaki, tumia spiriti ya hospitali kwenye kitambaa, futa kidogo, suuza na maji.

Kama alama imebaki, fanya kipimo cha mfuko. Ikiwa laini, jaribu polishi nyepesi kwa mkono, sehemu hiyo tu, sio boneti zima. Alama hafifu zinapungua. Ikiwa unaisikia kwa ukucha kama shimo au unaona nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka, acha. Hapo klia imepasuka, polishi itaongeza ubaya, na fundi akikuambia "naipiga mashine inatoka" muulize kwanza atapima unene wa klia kwa kifaa gani. Fundi rangi mzuri ana kipima unene. Kama hana, penye nyufa asiguse, na kwenye alama nyingine apige polishi nyepesi, kompaundi nzito aiache.

Kuzuia: angalia chini kabla ya kupaki, sio juu. Ardhi ikiwa na madoa meupe mengi, hapo juu kuna kituo chao, sogea hata mita 4.

Dalili: Gari inanata, ina vitone kama asali, au ina weusi kama masizi

Hapa watu wanalaumu mti kwamba unatoa utomvu, na mara nyingi sio utomvu. Sababu ya kwanza ni vidudu vidogo vinavyofyonza majani ya mwembe, vinakunywa maji ya mti na kutoa majimaji yenye sukari ambayo yanadondoka kama manyunyu. Sukari ikikaa inaota ukungu mweusi, ndo hayo masizi. Angalia majani ya chini ya huo mti, ukiyaona yanang'aa na kunata au yana weusi, umeshapata jibu. Hii inatoka kwa maji ya uvuguvugu na shampuu kama ni ya siku moja mbili.

Ya pili ni utomvu wenyewe, hasa embe likichumwa au likianguka na kile kikonyo kikatoa maziwa. Yale maziwa ya embe yanaunguza hata ngozi ya mtu, kwahiyo usiyaache kwenye rangi. Ya tatu ni majani na maua yaliyolala juu ya gari yakalowa, mkungu hasa, yanaacha doa la kahawia lenye umbo la jani kabisa.

Utomvu mgumu lowesha na maji ya moto kiasi, halafu spiriti ya hospitali kwenye kitambaa, ishike hapo nusu dakika, futa, suuza, weka waksi kidogo kwa sababu spiriti inaondoa waksi yote. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, chini ya mlango kwa mfano. Na hapa kuna onyo kubwa: usitumie thina wala petroli. Gari nyingi mjini zimeshapakwa rangi mara moja au mbili tangu zifike, na kama fundi aliweka rangi bila hadina (dawa ya kuigandisha rangi), thina inaifuta yote na unabaki na praima mkononi. Kisu, wembe na ile kadi ya plastiki pia achana navyo.

Kama umelazimika kupaki chini ya mti, toa majani yaliyojikusanya chini ya waipa kila wiki. Yanaziba matundu ya maji, na hilo nitalirudia kwenye kutu. Na chini ya mnazi usipaki kabisa, nazi ikianguka hakuna polishi ya kunyoosha bati.

Dalili: Vitone vyeupe vya mviringo gari nzima, au mstari mweupe upande mmoja

Vikiwa gari nzima, sababu ya kwanza ni maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, unaosha gari saa 5 asubuhi juani, maji yanakauka yenyewe na chumvi inabaki. Ya pili ni mvua za manyunyu zile zisizoosha, zinalowesha tu vumbi na kuacha matone ya tope. Mvua kubwa ya masika haina neno, inakusafishia.

Vikiwa sehemu moja tu, hasa paa au boneti, na huwa unapaki pale pale mjini, angalia juu utaona kiyoyozi. Maji ya kiyoyozi yanashuka yamebeba vumbi la ukuta na kutu ya vyuma vilivyokishika, yanadondoka tone kwa tone masaa 8 sehemu moja. Kariakoo hii ni kawaida sana, watu wanapaki chini ya ghorofa kutafuta kivuli na wanapata hicho.

Kutibu: changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, laza juu ya madoa dakika 1 au 2, suuza kwa maji mengi, kausha. Gari iwe imepoa na iwe kivulini, na siki isikauke juu ya rangi. Usiweke siki sehemu ambayo klia imebanduka au bati liko wazi. Likitoka, lilikuwa juu. Lisipotoka baada ya kurudia, chumvi imeshakula klia na hapo ni polishi nyepesi. Ikishindikana na hiyo, iache kama ilivyo, kidoa cheupe ni nafuu kuliko klia iliyokwisha.

Kisima ndo maji pekee uliyonayo? Osha nayo lakini suuza ya mwisho iwe ya bomba au ya mvua hata ndoo moja, na kausha na taulo la maikrofaiba papo hapo.

Dalili: Rangi imepauka, au klia inabanduka kama ngozi

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo watu wanapoteza hela nyingi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba hivi, na miezi mingine halikai mbali. Paa, boneti na mfuniko wa buti ndo vinapigwa moja kwa moja, milango inapona. Kwahiyo ukiona mpauko umeanza paani na milango bado inang'aa, ni jua. Ukiona mlango mmoja tu au fenda moja imepauka na zingine nzima, sio jua, hiyo sehemu ilipakwa rangi upya na kazi haikuwa nzuri.

Kuna mpauko wa aina mbili na tiba zake ni tofauti kabisa.

Wa kwanza: rangi imefifia sawasawa, ukipitisha kidole unatoka na unga, na kipimo cha kitambaa cheupe kimetoka na rangi ya gari. Hiyo ni rangi isiyo na klia iliyochakaa juu. Hii inarudi vizuri sana kwa polishi, kwa mkono hata, halafu waksi. Tatizo itachakaa tena haraka usipoiwekea waksi kila baada ya miezi 2 au 3.

Wa pili: mabaka meupe yenye kingo, kingo zimenyanyuka, ukigusa inatoka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Hiyo ni klia imekufa. Haina polishi, haina waksi, haina mafuta ya nazi, asikudanganye mtu. Wapo vijana wanaoifuta na mafuta ya taa au dizeli inang'aa siku ile, kesho yake vumbi limeganda juu na kingo zimelainika zaidi. Njia ni moja tu, kukwangua klia yote ya hiyo sehemu kwa msasa, kupaka rangi na klia mpya kwa boneti zima au paa zima. Kupuliza kopo kwenye baka moja hakufai, utaona ukingo wake kila ukiangalia, na baada ya miezi itaanza kubanduka pembeni ya hapo.

Wakati unatafuta hela ya kupaka, unaweza kuchelewesha. Usiing'oe kwa kucha (najua inavutia), waambie waosha magari wasilenge mashine ya presha kwenye kingo, na funika sehemu hiyo na jua kadri unavyoweza.

Kuna na hii, kwa wenye Toyota nyeupe. Kama rangi inatoka kwa vipande vikubwa mpaka bati linaonekana, bila kugongwa wala kutu, angalia kibati cha kodi ya rangi (namba ya rangi ya gari), kiko kwenye ubavu wa mlango au ndani ya boneti. Kodi 040 na 070 kwa baadhi ya modeli zilikuwa na tatizo la kushika bati zikipigwa jua muda mrefu, na Toyota kule Marekani walikuwa na mpango wa kuzipaka upya kwa wateja wa huko. Sisi wenye magari yaliyotumika hautuhusu, lakini ni vizuri ujue ili usimlaumu aliyekuoshea, na ili fundi ajue kwamba inabidi ashuke mpaka kwenye bati, akipaka juu ya iliyopo itabanduka nayo.

Kuzuia jua: kivuli kwanza, vingine baadaye. Neti ya kivuli ile wanayotumia kwenye bustani, ukiifunga kwenye mabomba manne juu ya sehemu unayopaki, inapunguza jua sana na upepo unapita, bei yake haifiki hata robo ya kupaka boneti. Haizuii kinyesi vizuri wala mvua. Kama hamna nafasi, basi geuza gari, leo pua iangalie mashariki kesho magharibi, maana jua la saa 9 likipiga upande uleule miaka mitatu utaona tofauti kwa macho. Waksi inasaidia. Seramiki (dawa ya kupaka juu ya klia inayokauka kama ngao) nayo inasaidia, maji yanateleza na kinyesi kinatoka kirahisi, lakini wanaouza kwa kusema hutahitaji kujali tena kinyesi wala mikwaruzo wanakuongopea, ukiacha kinyesi juani kutwa nzima kitatoboa na seramiki. Na seramiki juu ya klia inayobanduka ni hela imetupwa.

Dalili: Vidoti vya rangi ya chungwa, au rangi inakwaruza ukiigusa

Gari nyeupe na silva zinaonyesha zaidi. Watu wanadhani gari inaoza. Mara nyingi ni fundi wa mageti jirani yako, cheche za grainda zinaruka, zinatua zikiwa za moto, zinajichomeka kwenye klia kisha zinapata kutu. Hata breki zako mwenyewe zinatoa vumbi la chuma, na kupaki karibu na reli pia. Pitisha vidole kwenye kioo cha mbele, ukisikia chembe hadi huko kuna uwezekano mkubwa ni grainda.

Dawa ya kuyeyusha chuma ipo maduka ya vifaa vya magari, unapulizia inageuka zambarau, unasuuza. Zikibaki, klei ya kusafishia rangi na maji mengi ya shampuu, bila kukandamiza. Usisugue vikavu.

Saruji ni habari nyingine. Jirani anajenga, vumbi limetua, umande umelowesha. Likiwa bado kavu, usifute hata kidogo, mwagia maji mengi kwa wakati mmoja liondoke lote, maana maji kidogo ndo yanaligandisha. Likiwa limeshaganda tumia siki ile ya nusu kwa nusu, lowesha, subiri, suuza, rudia siku kadhaa, inalainika taratibu. Tabaka likiwa nene au ni rangi ya nyumba imepuliziwa na upepo, mwachie fundi. Na mwenye ujenzi mwonyeshe mapema ukiwa na picha, wengi wanaelewa ukienda kwa upole.

Dalili: Mikwaruzo

Mistari midogo ya mviringo inayoonekana juani tu, kama utando wa buibui: hiyo ni kufuta vumbi kavu. Mlinzi anaamka asubuhi na tambara anafuta gari zote kwa nia njema kabisa, tambara lilelile. Au sehemu ya kuoshea wametumia kitambaa kilichotoka kwenye rimu. Mshukuru mlinzi, mwambie amwagie maji tu. Watoto kuandika kwa kidole kwenye vumbi nako ni msasa, na vumbi la Goba au Kinyerezi lina mchanga mkali.

Mistari mirefu ya pembeni, usawa wa kiuno: bodaboda na mikokoteni, hasa Kariakoo. Kunja saiti mira na paki karibu na ukuta ili gari isitokeze sana barabarani. Mistari mifupi minne sambamba kwenye boneti ni paka, wanapenda joto la injini. Mstari mmoja mrefu unaopita milango miwili kwa usawa ule ule, mtu amefanya makusudi.

Uliopotea kwa maji, polishi ya mkono inatosha. Unaokwama ukucha, safisha kwa spiriti, weka rangi ya kuchora kwa brashi ndogo iliyochanganywa kwa kodi ya gari yako (maduka ya rangi Kariakoo wanachanganya kwa kompyuta, wape kodi, usiwape jina "silva"), ikauke, kisha klia. Haitapotea kabisa ila bati litakuwa limefunikwa. Kwenye rangi za silva na za lulu usijaribu kupuliza mwenyewe, haziendani hata kodi ikiwa sahihi, fundi lazima afifishe mpaka kwenye sehemu ya jirani. Na rangi zenye hadina usipulize nyumbani kwa barakoa ya kitambaa, mvuke wake unaharibu mapafu.

Dalili: Naweka kava lakini rangi inazidi kuharibika

Kava limewekwa juu ya gari yenye vumbi, upepo wa kusi unalipeperusha usiku kucha, linasugua. Angalia kwenye kona za bampa na ukingo wa paa, ndo panachakaa kwanza. Kama ni turubai la nailoni lisilopumua, unyevu unabaki ndani, na kwenye gari iliyopakwa upya utaona ukungu mweupe chini ya klia. Toa kava siku mbili tatu juani, ukungu huo unaweza kupungua wenyewe. Kava liwe la kitambaa kinachopumua, lifungwe kwa kamba chini ya gari, na livishwe kwenye gari safi na kavu tu. Kama gari inatembea kila siku kwenye vumbi, bora usiweke kava, neti ya juu ni salama zaidi.

Dalili: Malengelenge na kutu

Wanaokaa Masaki, Msasani, Kunduchi na Kigamboni wanaijua hii, upepo wa bahari una chumvi na inatua kila usiku hata kama huoni kitu. Sababu inayoongoza ni mkwaruzo au jiwe lililofika kwenye bati likaachwa. Inafuata matundu ya maji yaliyoziba: chini ya kila mlango kuna vitundu, na pale chini ya waipa, majani na vumbi vikiziba maji yanalala ndani. Ingiza kijiti cha plastiki uzibue, maji machafu yakitoka umepata sababu. Tatu ni kazi ya zamani, bati lililogongwa likajazwa pati nene (ule udongo wa kusawazishia bati) bila kutibu kutu. Kipima unene kitasoma juu sana hapo, na sumaku haishiki vizuri.

Kutu ndogo ya juu, isiyozidi kucha ya kidole gumba: siku kavu, kwaruza kwa msasa mpaka bati liwe jeupe, dawa ya kugeuza kutu, praima, rangi, klia. Usipake wiki ya mvua. Suuza chini ya gari kwa maji baridi kila wiki mbili kama unaishi pwani, na siku hiyo hiyo kama umepita kwenye maji ya bahari au mafuriko.

Lengelenge lenyewe usilipasue na kulipaka juu, kutu iko pana kuliko unavyoona. Chukua bisibisi, bonyeza kwa mpini sehemu za chini ya milango na ule ukingo unaokanyaga ukipanda. Pakibonyea au ukisikia pamekuwa kama karatasi, usiendelee na usiruhusu pati. Ukingo huo ndo unabeba gari na kulinda abiria ikigongwa ubavuni, unahitaji kukatwa na kuchomelewa bati jipya na fundi bodi. Hivyo hivyo kutu karibu na mikanda ya viti, mikono ya tairi au tenki la mafuta. Kabla hajawasha mashine hakikisha ametoa betri, ametoa kapeti na viti vya upande huo, na ndoo ya mchanga au mtungi wa kuzimia moto uko karibu. Akikuambia hakuna haja, peleka gari kwa mwingine.